Filamu Ambamo Dereva Hafi

Mimi na mke wangu huzipa filamu za vita maksi juu ya ishirini, kama tulivyokuwa tukipewa sisi chuo kikuu, na kwa ubahili uleule. Katika masomo yangu yote sikuwahi kumwona kwa macho mtu aliyepata kumi na nane, kwa hiyo sioni kwa nini filamu itoke huko ilikotoka ije kuzipata sebuleni kwangu, mtaani Mutanga Sud. Kumi na mbili ni filamu nzuri. Ikifika kumi na nne tunampigia mtu simu kumweleza. Chini ya nane mke wangu husema tumeibiwa, ingawa filamu zenyewe hunakiliwa kwenye flash katika kibanda cha fotokopi karibu na chuo, na kama kuna mtu aliyeibiwa hapo, si sisi.

Wageni hutuuliza kwa nini vita na si mapenzi. Jibu hutegemea mgeni. Padri tulimwambia kwamba tunajifunza historia. Wenzangu wa idara huwaambia kwamba binadamu huonekana vizuri zaidi akiwa na hofu, na wao huitikia kwa kichwa kwa sababu nao hawana hakika. Ukweli ni kwamba filamu za mapenzi humfanya mke wangu alinganishe. Na tangu mafuta yawe kitu cha kutafutwa, gari letu limesimama uani likilaliwa na paka wa jirani, nasi Jumamosi tukishamaliza kazi za jamii na kuoga kutoa matope hatuna pa kwenda. Tunakaa. Umeme ukiwepo, tunaangalia watu wakipigana.

Mtu angedhani tumeshiba. Sisi wawili tulikuwa vijana hapahapa wakati vita vilipokuwa vya kweli, na tulisoma kwa vipande vipande, mwaka mmoja ukichukua miwili. Lakini nadhani ndiyo maana tunajiona wataalamu. Mimi huangalia mambo makubwa: matumizi ya ukimya, nafasi ya mandhari. Niliwahi kuandika makala kuhusu ukimya katika riwaya, na ilipokelewa kwa ukimya. Mke wangu huangalia viatu.

"Wamelala kwenye matope tangu filamu ianze," atasema, "na viatu vinang'aa kama vya bwana harusi. Mi nakata maksi mbili."

"Acha watu waigize, sheri wangu."

"Waigize na matope."

Halafu wakimbizi. Filamu ikionyesha wakimbizi, mke wangu husogea mbele kwenye kiti. "Tazama hawa. Mutu anakimbia na picha ya ukutani. Sufuria iko wapi? Godoro iko wapi? Mwanamke gani anakimbia bila sufuria?" Na hapo filamu hupoteza maksi nyingine tatu, hata kama imepata tuzo kila mahali duniani.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiishi, wakosoaji wawili wenye raha zao, mpaka mama mkwe wangu alipokuja kukaa nasi.

Alishuka kutoka milimani kwa sababu ya presha. Presha ilikuwepo kweli, lakini alikuwa nayo miaka mingi bila kuona haja ya kuileta mjini. Sababu yenyewe ilikuwa simu. Mtoto wake wa mwisho, mdogo wake mke wangu, ni dereva wa lori jeshini, na alikuwa amepelekwa ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo. Akipata mtandao humpigia dada yake. Kule mlimani kwa mama, mtandao unapatikana nyuma ya shule tu, tena mvua isiponyesha. Kwa hiyo mama alikuja kukaa karibu na simu ya binti yake, na wote tukakubaliana kuiita presha.

Kwa watu wa kizazi chake, mama mkwe hali mbele ya mkwe wake. Hata chai hanywi. Hamtazami usoni, wala mkwe hamtazami, na mazungumzo yao ni ya kuulizana hali. Basi yeye na mke wangu walikula jikoni, nikisikia kicheko na vifuniko vya sufuria, na mimi nilikula mezani peke yangu kama mkaguzi aliyetumwa na wizara. Tungeweza kukaa chumba kimoja kwa sharti moja tu: tuwe na kitu cha kutazama wote, tusitazamane. Televisheni ilifaa kabisa. Sijui wakwe wa zamani walifanyaje.

Wiki za mwanzo tulikuwa watu wa maadili. Tuliangalia kwaya. Tuliangalia harusi za ndugu, na harusi za watu tusiowajua, na filamu moja ndefu kuhusu nyuki. Vita hatukuvigusa. Mke wangu hata habari za saa mbili alizizima akisema zinamuumiza kichwa. Hatukuwa tumekaa chini kuliamua jambo hilo. Tulijua tu kwamba mwanamke ambaye mwanawe yuko vitani hawekewi milipuko baada ya chakula.

Jioni moja mke wangu alitoka jikoni akifuta mikono.

"Mama anauliza zile filamu za askari kama zimekwisha."

"Nani kamwambia tunazo?"

"Nani mwingine? Mtoto wake." Kweli, shemeji yangu akija likizo alikuwa akiangalia nasi, na alikuwa mtahini mbovu, mwenye huruma, filamu yoyote yenye lori aliipa kumi na sita. "Anasema kama zipo, uweke."

"Ungemwambia flash imeharibika."

"Nimudanganye mama yangu? Mudanganye weye, ni mama mkwe wako."

"Mtu hamdanganyi mama mkwe."

"Basi weka."

Nilichagua ile pole kuliko zote. Ilikuwa ya Kiingereza, askari wamekaa ndani ya handaki wakisubiri ujumbe ambao haufiki, na mvua inanyesha mwanzo hadi mwisho. Tulikuwa tumeipa saba. Mama alikaa kwenye ukingo wa kochi, mikono ndani ya kitenge, na mke wangu akamtafsiria kwa Kirundi. Sikujua mpaka siku hiyo kwamba nimeoa mtafsiri mwenye moyo mzuri kiasi hicho. "Huyu anamwambia mwenzake kuna baridi. Mwenzake anasema ni kweli." Askari mmoja alipopigwa risasi ya shingo, mke wangu alisema, "Amechoka, wanampeleka apumzike." Nilikohoa. Alinitazama kwa namna iliyonifanya nisikohoe tena.

Filamu ilipokwisha, mazoea yalinitoka mdomoni. "Saba," nilisema.

Mama akamuuliza binti yake saba ni nini, naye akamweleza mambo yetu ya maksi.

"Na kwa nini saba?"

"Mkwe wako anasema hakuna kinachotokea."

Mama alifikiri. "Wamekula mara mbili," alisema. "Yule mfupi amefua soksi. Mvua imenyesha na wamepata pa kujifunika." Akafikiri tena. "Mimi ningewapa zote."

"Zote ishirini?"

"Zote mlizo nazo."

Tukacheka, naye akacheka kidogo ndani ya kitenge. Lakini kuanzia siku hiyo Jumamosi zetu zilibadilika. Mama alitaka filamu, na alitaka zile tulizozidharau. Mapigano yalimchosha, yakianza alikuwa akichambua maharage. Yakiisha aliacha maharage. Aliuliza nani anawapikia. Aliuliza blanketi wanapewa au kila mtu anakuja na lake, na wagonjwa wa malaria wanalazwa wapi, na Jumapili wanaijuaje kama ni Jumapili. Mwanzoni alimuuliza mke wangu. Mke wangu alisema hajui. Ndipo akaanza kuniuliza mimi, uso ukiwa kwenye televisheni, nami nikamjibu uso ukiwa kwenye televisheni.

Na mimi, ambaye uzoefu wangu wote wa jeshi ni kusimama kwenye vizuizi nikitafuta kitambulisho, nilijibu. Nilieleza kuhusu blanketi. Nilieleza mpangilio wa jikoni za kambini. Mtu akishazoea kusimama mbele ya wanafunzi, swali lisilo na jibu humkera kama mbu; lazima alipige. Mama alisikiliza kwa heshima ambayo sijawahi kuipata darasani, na ninakiri ilinipendeza.

Alasiri moja aliniuliza, "Mkwe wangu, na madereva?"

"Madereva, mama, wako nyuma," nilisema. "Kazi yao ni kuleta chakula na mizigo. Hawapigani. Vita viko mbele, wao wako nyuma."

"Kila mara?"

"Kila mara."

Alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Nami nilijisikia kama daktari. Nililala usingizi mzuri alasiri ile, nikaamka nimejiridhisha. Sijui nililitoa wapi jibu lile. Nadhani nililitoa kwenye filamu, na hiyo ndiyo ajabu, kwa sababu filamu hazisemi hivyo hata kidogo.

Nililigundua Jumamosi iliyofuata. Tulikuwa tumefika katikati ya filamu tuliyokuwa tumeipa kumi na moja, na mimi nilikuwa nimeisahau, wakati lori lilipotokea barabarani. Dereva alikuwa akiimba. Mbele yake, kwenye kioo, palikuwa na picha ya mtoto. Mtu yeyote aliyeangalia filamu mbili za vita anajua kitakachompata dereva anayeimba. Niliruka, nikakamata rimoti, nikasema flash imegoma.

"Imegoma?" alisema mke wangu.

"Imegoma."

Tukaangalia nyuki.

Kuanzia hapo nikawa mkaguzi kweli. Saa ya chakula cha mchana, ofisini, nikifunga mlango, nilivaa visikizio na kuzipitia filamu zetu zote nikitafuta malori. Katibu wa idara aligonga mara kadhaa, akanikuta nimeinama mbele ya kompyuta na uso wa huzuni, akarudi akiwaambia watu kwamba mwalimu anasahihisha. Na nilichokiona kilinitia aibu. Miaka yote hiyo ya maksi sikuwahi kutambua kwamba madereva hufa katika karibu kila filamu, tena hufa mapema. Mtengeneza filamu akitaka kutuonyesha kwamba mambo yameanza kuharibika, humuua dereva. Dereva hana maneno mengi ya kusema, mara nyingi hana hata jina, na hakuna mtazamaji atakayekasirika. Mimi mwenyewe sikukasirika hata mara moja. Niliandika tu kichwani "mwanzo mzuri" na kuendelea.

Nikaanza kufuta. Nilifuta za jangwani na za theluji. Nilifuta moja ya zamani ambayo dereva hafi lakini anapoteza mikono. Flash ikawa nyepesi, zikabaki filamu za manowari na za ndege, na mama akaanza kuuliza kwa nini askari siku hizi wote wako majini.

Mke wangu alinibana uani, karibu na gari.

"Filamu zimeenda wapi?"

"Nimefuta."

"Zipi?"

"Za madereva."

Ilimchukua muda kuelewa, nami niliuona uso wake ukielewa kidogo kidogo, jambo ambalo ni baya kuliko kupigiwa kelele. "Ulimwambia nini mama?"

"Kwamba madereva wako nyuma. Kwamba hawapigani."

"Nani alikuambia?"

Nikamrudishia swali. "Na wewe? Yule aliyekatwa mguu, si ulimwambia amejikwaa?"

"Mi natafsiri, muzee," alisema. "Weye unaahidi."

Paka alishuka kwenye boneti akaenda zake. Baadaye mke wangu akauliza kwa sauti ya chini, "Na ile ya daraja? Umeifuta?"

Ile ya daraja ndiyo filamu yetu bora. Lori linaungua juu ya daraja, na moto wake ni wa kweli; tuliipa kumi na nne siku ileile, na mke wangu alisema nusu ya maksi ni za ule moto. Shemeji yangu alikuwa amekaa katikati yetu, likizo yake ya mwisho kabla ya kuvuka mpaka, sahani ya ndagala, dagaa wetu wa ziwani, mapajani. Tulisimamisha filamu, tukarudisha nyuma, tukautazama moto mara ya pili kwa sababu mke wangu alitaka kuona walivyoutengeneza. Shemeji alitafuna ndagala zake akacheka nasi. Safari hiyo aliipa kumi na tatu. Hatukumuuliza kwa nini amepunguza.

"Hiyo sijaweza kuifuta," nilisema.

"Kwa nini?"

"Ni nzuri."

Alinitazama, na sikuweza kujua kama ananichukia au kama naye angefanya vilevile. "Iko wapi?"

"Nimeificha. Kwenye faili la kwaya."

Katika siku hizo simu ikaanza kukawia. Kwa kawaida shemeji alipiga Jumapili, dakika chache, umekula, nimekula, haya. Jumapili moja ikapita bila simu, ikafuata nyingine. Mama hakusema kitu. Aliitengenezea simu ya binti yake mahali pake mezani, juu ya kitambaa cha kufuma, na waya wa chaji ukiwa tayari kwa saa umeme utakaporudi. Mke wangu akienda kuoga alikwenda nayo. Kila mmoja wetu alikuwa akisikiliza habari za ng'ambo kwa siri, mimi ofisini, mke wangu kwenye simu yake akiwa amejifunika khanga kichwani, na sebuleni tuliongea juu ya bei ya mkaa.

Jumapili moja mimi na mke wangu tulikwenda Kibenga kwenye kikao cha harusi ya binti wa rafiki yetu. Mama alibaki. Nilichoka na hotuba nikamwacha mke wangu huko, nikatangulia kurudi. Nilipofungua mlango nilisikia Kiingereza. Mama alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kochi, rimoti mapajani juu ya kitabu cha nyimbo, na kwenye televisheni lori lilikuwa likikaribia daraja.

Alikuwa ametafuta kwaya. Nani mwingine angetafuta kwaya Jumapili mchana katika nyumba hii? Kati ya mafaili yote, nilikuwa nimeficha filamu ndani ya lile moja ambalo yeye peke yake alikuwa analifungua.

Kumnyang'anya mama mkwe rimoti haiwezekani. Kusimama mbele ya televisheni haiwezekani pia, ningekuwa nimemgeukia uso kwa uso. Nikatoka nje, nikazunguka nyumba mpaka kwenye mita, nikazima swichi kubwa. Nikarudi nikifuta jasho.

"Umeme, mama," nilisema. "Ndiyo hivyo tena."

Kwa jirani redio ilikuwa ikihubiri kwa sauti kubwa. Tuliisikiliza sote wawili.

"Kwa jirani upo," alisema mama.

"Wana laini nyingine."

Mhubiri alifika mwisho wa aya yake. "Mkwe wangu," alisema mama, akiitazama televisheni iliyozimika, "rudisha tu. Ijumaa mlipokuwa kazini niliiona yote. Leo nilitaka ile sehemu ya baada ya moto."

Nikarudi kwenye mita. Ni hatua chache tu, lakini nilizitembea kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

Sehemu ya baada ya moto sikuwa naikumbuka vizuri. Hapo ndipo huwa tunasimama kwenda kuchukua soda. Askari mmoja anamtoa dereva, anamlaza kando ya barabara, anaweka koti lake chini ya kichwa chake, halafu anakaa naye. Hakuna muziki. Kamera haiondoki. Katika uchambuzi wangu niliiita sehemu ambayo filamu inapoteza kasi, na niliipunguzia maksi mbili. Mimi, mtaalamu wa ukimya.

"Anamwambia nini?" aliuliza mama. Ijumaa alikuwa ameiona bila mtafsiri.

Nikatafsiri. Mke wangu hayupo, hakuna mwingine. Askari yule hakuwa akisema mambo makubwa. Alimuuliza dereva kwao wanafuga nini. Alimuuliza nyumba yao imeelekea upande gani, jua la asubuhi linaingilia mlangoni au dirishani. Dereva alisema mlangoni. Nilitafsiri neno kwa neno, bila kupunguza, na Kirundi changu cha mjini kikajikwaa kwenye jina la mnyama mmoja, mama akanisaidia. Hayo ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote niliyowahi kufanya na mama mkwe wangu, na maneno yote yalikuwa ya watu wengine.

Dereva alipokufa mama alizima mwenyewe.

"Hakuachwa peke yake," alisema.

"Hakuachwa, mama."

"Nyinyi mliipa ngapi?"

"Kumi na nne."

Aliitikia kwa kichwa, kama anavyoitikia daktari akimsomea namba za presha. Kuhusu ile "kila mara" yangu hakusema neno, si siku ile wala baadaye. Angenigombeza ningepata nafuu. Aliinuka, akasema anakwenda kuangalia kama kuna maji ya chai, na ilibidi niushukuru mgongo wake.

Simu ililia siku ya kazi, alasiri, mvua ikinyesha. Mke wangu aliifungulia sauti ili mama asikie. Sauti ya shemeji ilikuwa mbali na yenye mikwaruzo, lakini ilikuwa yake.

"Umekula?" aliuliza mama.

"Nimekula, mama."

"Uko na mtu?"

"Niko na wenzangu. Wengi."

"Nauliza mmoja. Wako."

"Yupo," alisema. "Anatoka Ngozi. Anakoroma."

"Mwambie namsalimu," alisema mama, akamrudishia binti yake simu, akakaa.

Waliongea kidogo, halafu shemeji akaomba kuongea na mimi. Nikatoka na simu barazani. Mimi naye huongea Kiswahili, na mama hakijui.

"Shemeji, mama anasikia?"

"Apana. Niko nje."

"Lori zimesimama. Mafuta hakuna. Wametuteremsha wote, madereva, wapishi, wote. Sasa tunatembea na wengine."

"Mnatembea kwenda wapi?"

Alicheka. "Mbele, shemeji. Kwani kuna kwingine? Usimwambie mama. Na dada pia, tafadhali. Dada hasa."

"Sitasema."

"Mnaangalia nini siku hizi?"

"Harusi."

"Mnazipa ngapi?" aliuliza, na hapo mtandao ukakatika, au labda alikata yeye.

Nilisimama barazani kidogo nikijifanya bado naongea. Nilisema, "Ndiyo, ndiyo," kwenye simu iliyokufa. Nilipoingia, wanawake wawili walikuwa wakinitazama, na mmoja wao alikuwa hajawahi kunitazama usoni tangu nilipomtolea mahari bintiye.

"Amesema nini?" aliuliza mama.

"Lori lake limeharibika," nilisema. "Yuko garaji. Nyuma kabisa. Anasubiri spea."

"Spea zinatoka wapi?"

"Mbali, mama. Ng'ambo ya bahari."

"Basi zitakawia."

"Zitakawia sana."

Alifumba macho, na midomo yake ikaanza kutikisika.

Tangu siku hiyo, katika sala ya jioni, akishawaombea wagonjwa na wasafiri, mama huziombea spea za lori. Anaomba zisifike. Anaomba zishushwe kwenye bandari isiyo yake, zifunguliwe zikutwe si saizi yake, na mtu wa kuzitia sahihi awe likizo. Anaomba kwa utaratibu, bila haraka, kama mtu anayejua Mungu naye ana ofisi zake na foleni zake. Kisha hunyamaza, akitusubiri.

Mimi huitika amina. Mke wangu huitika pia, lakini yeye hafumbi macho. Hunitazama mimi, na hutazama mpaka sala iishe. Hajaniuliza kitu. Na kila jioni, kwa bidii kuliko wote waliomo chumbani, mimi huomba asiniulize.